Mteremko wa Inchi Mbili

Siku ya nne baada ya mazishi, saa mbili asubuhi, Inspekta aligonga geti la mfamasia akiwa na konstebo mmoja, nyundo kubwa moja na karatasi ya mahakama. Mfamasia alilifungua geti kiasi cha kupitisha pua.

"Nilishasema yote kituoni," akasema. "Mmekuja kunisikiliza tena au kunichungulia?"

"Tumekuja kuvunja baraza lako."

"Kuvunja nini?"

"Kingo mbili tu. Wa kushoto na wa kulia." Inspekta akapitisha karatasi kwenye ule upenyo.

Mfamasia akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na neno. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mrefu, shati limenyooshwa pasi mpaka makunjo ya mikono, na alizoea kuzungumza na watu kama anayewaelekeza kumeza vidonge. Mwishowe akarudi nyuma hatua mbili.

"Piteni. Lakini huyo kijana wako asinikanyagie vyungu vya maua."

Uani, ukiwa umesimama mlango wa nyuma, mbele yako ndilo lilikuwa baraza lenyewe: sakafu ya zege, mita tano kwa nne, bado jipya, rangi ya majivu. Upande wa kulia ulipita mtaro wa maji. Upande wa kushoto ndiko ulikokuwa ukuta. Sasa palibaki pengo la hatua sita na kifusi cha matofali kilichomwagikia ua wa pili, ulio chini kidogo ya huu. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa bado imening'inia kule, imekatikia katikati.

Jumapili iliyopita, baada ya mvua ya wiki mbili, ukuta ule uliporomoka wakati mke wa mpiga picha akianua nguo. Hakufika hospitali.

Mpiga picha, mume wa marehemu, alikuwa mdogo wake mfamasia, baba mmoja mama mmoja. Kiwanja kilikuwa cha baba yao. Alipofariki, miaka sita nyuma, kiligawanywa pande mbili, bomba la maji likaangukia upande wa mkubwa. Mdogo alisema ni hila. Mkubwa alisema ni ramani. Mdogo akajenga ukuta katikati, na tangu siku tofali la mwisho lilipowekwa hawakuamkiana. Mama yao alibaki kwa mkubwa, chumba cha nyuma, dirisha likitazama uani.

Sasa mpiga picha alikuwa ameandikisha maelezo ya kurasa nne, na kila ukurasa ulisema jambo lile lile: kaka yangu ameniulia mke. Alilielekeza baraza lake kwenye ukuta wangu makusudi, maji yakaula msingi mpaka ukalala. Mtaa mzima uliamini. Asubuhi ile mtu alikuwa ameandika neno MUUAJI kwa mkaa kwenye geti la mfamasia, na mfamasia alikuwa amelisugua nusu.

"Fundi wako yuko wapi?" Inspekta akauliza.

"Huyo hapo nyuma yako. Na usimwite fundi wangu."

Mtu aliyekuwa akiingia alikuwa mfupi, mpana, vidole vimepasukapasuka kwa saruji. Mtaani walimwita Timazi, jina alilojipa mwenyewe kwa kujisifu kwamba kazi yake haipindi. Leo hakuwa na majigambo. Alimkata mfamasia jicho, mfamasia naye akamkata.

"Umeleta mpira wa maji?" Inspekta akauliza.

"Nimeleta. Ila nilichokisema ndicho. Baraza hili nililipa mteremko wa inchi mbili kuelekea mtaroni. Mimi si mwanagenzi."

"Pima."

Timazi akajaza maji kwenye mpira wake mwembamba unaoonyesha ndani, akampa konstebo ncha moja asimame nayo upande wa mtaro, yeye akashika nyingine upande wa ukuta. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Pande zote mbili yakawa usawa mmoja, kama ilivyo desturi ya maji. Kisha kila mmoja akapima kutoka kwenye maji hadi sakafuni.

"Soma," Inspekta akasema.

"Sentimita themanini," akasema konstebo.

Timazi alipima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Soma, fundi."

"Themanini na tano."

"Kwa hiyo upande wa ukuta uko chini."

"Uko chini," Timazi akasema polepole. "Inchi mbili. Zimegeuka."

"Ahaa!" Mfamasia akapiga kofi. "Mmesikia kwa masikio yenu? Nilimwambia mtaroni, yeye kalipeleka kwa mdogo wangu! Halafu mimi ndiye naandikiwa mkaa getini!"

"Wewe mzee, chunga ulimi wako!"

"Nichunge nini? Mkamateni! Si ndiye aliyemtishia marehemu mbele ya watu?"

Inspekta akamgeukia Timazi. Hilo alikuwa nalo kwenye faili tayari, kutoka kwa majirani watatu ambao hawakutofautiana hata neno.

"Ulimwambia nini mke wa mpiga picha?"

"Alinitukana kwa sababu vumbi la mchanga liliruka kwenye nguo zake."

"Sijauliza yeye alisema nini."

Timazi akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Nilimwambia, iko siku ukuta huu utakuangukia."

"Na ukamwangukia."

"Afande, ule ukuta mumewe aliujenga mwenyewe. Msingi wake hauzidi kiganja! Fundi yeyote angesema vile. Nilisema kwa ukali, nakubali, lakini nilikuwa namwonya."

"Onyo lako lina umbo la kitisho," Inspekta akasema. "Konstebo, nyundo."

Walianza na ukingo wa ukutani. Mapigo matatu tu na zege likatoka kipande kama biskuti. Inspekta akachuchumaa, akaweka rula.

"Unene ulitakiwa kuwa ngapi?"

"Inchi nne kila mahali."

"Hapa ni mbili."

Mfamasia akaachama. Konstebo akahamia upande wa mtaro, na huko alitoa jasho. Alipiga mpaka akavua koti. Kipande kilipobanduka, Inspekta akapima na kuandika, kisha akampa Timazi rula ajisomee.

"Sita," Timazi akasema.

Inspekta akaingiza mkono chini ya zege, akapapasa kokoto zilizoshindiliwa. Akamwambia Timazi afanye vivyo hivyo, kisha wakaenda upande wa pili wakapapasa tena, na safari hii wakapima kwa mpira wa maji kwenye kokoto zenyewe, si juu ya zege. Kokoto ziliteremka kuelekea mtaroni. Inchi mbili kamili.

Inspekta akasimama, akajipangusa magoti.

"Chini umeteremsha sawa, juu umeteremsha kinyume," akasema. "Mtu anayetaka kumwagia jirani maji hawezi kuhangaika kushindilia kokoto kuelekea upande mwingine. Kwa hiyo ulipotandika kokoto ulikuwa na nia njema. Baada ya hapo mbao za kingo, zile zinazoshikwa na vigingi kuzuia zege na kuonyesha kimo chake, zikasogezwa. Za ukutani zikagongwa zikashuka inchi mbili, za mtaroni zikanyanyuliwa inchi mbili. Nani alizisogeza?"

"Si mimi."

"Ulizifunga lini?"

"Jumatano jioni. Nikapima kwa mpira huu huu, nikaondoka."

"Ukamwaga zege lini?"

"Alhamisi asubuhi."

"Na Alhamisi asubuhi ulipima tena?"

Timazi akatazama mtaro. Mfamasia akafungua mdomo, Inspekta akamnyanyulia kidole bila kumtazama, mdomo ukafungwa.

"Kituoni uliandikisha kwamba ulipima," Inspekta akasema. "Nina sahihi yako. Nikuulize tena au nikuandikie kosa la pili?"

"Sikupima." Sauti ilitoka kama inavutwa kwa kamba. "Mashine ya kuchanganyia zege tulikuwa tumeikodi kwa saa. Mimi na huyu mzee tulitoka alfajiri kuifuata, tukaacha geti wazi ili ipite moja kwa moja. Tulipofika, yeye ananipigia kelele, mashine inanguruma, zege haliningoji. Nikafuata mbao zilivyokuwa. Miaka thelathini, afande. Siku moja tu sikupima."

"Alfajiri mlikuwa pamoja, wote wawili?"

"Ndani ya gari moja."

"Na hatukuongea hata neno," mfamasia akadakia, kana kwamba hilo ndilo lililouma.

"Geti likiwa wazi kwa muda gani?"

"Kama saa nzima."

"Nyumbani alibaki nani?"

Mfamasia akasita. "Mama."

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, kabati na kiti kimoja kilichowekwa dirishani. Mama yao alikuwa amekikalia, kanga kichwani, mikono mapajani. Hakugeuka walipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kuniuliza, umepoteza hatua zako."

"Alhamisi ile alfajiri, ulikuwa umeamka?"

"Mimi huamka siku zote alfajiri."

"Uliona mtu uani?"

"Macho yangu hayana nguvu."

"Lakini umemwona konstebo wangu akikanyaga chungu chako cha maua cha tatu kutoka kushoto, ukasonya. Nimekusikia kutoka nje."

Mama akageuka sasa. Uso ulikuwa mkavu kama gome.

"Wewe una watoto?"

"Ninao."

"Basi toka chumbani kwangu."

Inspekta alitoka. Kwenye gari hakuwasha injini. Alichukua faili, akatoa bahasha ya kaki ambayo mpiga picha alimkabidhi mwenyewe siku ya kwanza, akilia, akisema ushahidi wote umo humu. Zilikuwamo picha kumi na nne za ukuta ukiwa umelowa, zimepigwa vizuri, kila moja na tarehe pembeni. Inspekta alikuwa ameshazitazama mara nyingi. Safari hii aliziweka kando akachukua kilichokuwa chini yake: nakala ya barua ya malalamiko kwa ofisi ya mtaa, imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Akaisoma. Akarudi kwenye muhuri, akaisoma tena.

"Konstebo, zege lilimwagwa lini?"

"Alhamisi, afande."

"Na mvua ya kwanza?"

Konstebo akafunua daftari. "Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku tisa baadaye."

Inspekta akampa barua. Konstebo akasoma, na midomo yake ikaacha kutikisika alipofika kwenye muhuri.

Studio ya mpiga picha ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Picha za maharusi na watoto wa shule zilijaa ukutani, na juu ya meza palikuwa na picha moja kubwa ya mkewe, bado haijatiwa fremu. Alikuwa hajanyoa. Alipowaona alisimama upesi.

"Mmemkamata?"

"Kaa," Inspekta akasema.

"Nimeuliza, mmemkamata? Au amewapa dawa za bure nanyi?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Inspekta akaiweka barua mezani.

"Hii ni yako?"

"Yangu. Niliwaambia mapema! Wangenisikiliza mke wangu angekuwa hai."

"Nisomee mstari wa pili."

Mpiga picha akasoma kwa hasira. "'Kaka yangu amejenga sakafu ya zege na kuiteremsha makusudi kuelekea kwenye ukuta wangu, hivyo maji yote yanakuja kwangu.' Kuna uongo hapo?"

"Hakuna. Ni kweli tupu. Muhuri ni wa lini?"

"Sijui. Ijumaa."

"Ijumaa, siku moja baada ya zege kumwagwa. Siku hiyo maji gani yalikuja kwako?"

"Yalikuwa yanakuja."

"Mvua ilianza siku nane baadaye."

"Maji ya kumwagilia basi. Zege si humwagiliwa?"

"Baraza lilifunikwa magunia na plastiki juu yake, wiki nzima. Timazi alifunua Alhamisi iliyofuata. Ukuta wako ulikuwa unampita mtu mrefu. Ulionaje?"

"Nilipanda stuli."

"Ukaona magunia."

"Nikaona mteremko!"

"Mteremko wa inchi mbili, katika mita nne, chini ya magunia." Inspekta hakupandisha sauti. "Fundi aliyelimwaga hakuuona. Kaka yako amelikanyaga wiki tatu, hakuuona. Mimi leo nimesimama juu yake na sikuuona mpaka maji yalipotulia kwenye mpira. Mtu pekee aliyejua Ijumaa ile kwamba baraza linaelekea huku ni mtu aliyelielekeza."

"Toka nyumbani kwangu."

"Konstebo, tofali."

Konstebo alikuwa amelibeba kwenye gunia kutoka kwenye kifusi. Lilikuwa tofali la mstari wa chini, lenye tundu la kupitishia maji. Tundu lilikuwa limezibwa kwa saruji, na saruji ile ililainishwa kwa kidole upande mmoja tu.

"Tumeyapata manne ya namna hii," Inspekta akasema. "Yote yamezibwa kutokea uani kwako. Ukuta ukawa bwawa. Picha zako zikatoka nzuri."

Mpiga picha alilitazama tofali. Kisha akalisukuma mbali, likaanguka sakafuni na kupasuka, na hakuna aliyeinama kuliokota.

"Nilitaka ulowe," akasema. "Ulowe tu. Nipige picha, ofisi ya mtaa wamwamuru avunje baraza lake mbele ya watu. Aone haya kama nilivyoona mimi nilipokuwa nikichota maji kwa majirani na bomba la baba yangu liko nyuma ya ukuta." Akavuta pumzi. "Ilinichukua robo saa. Niligonga vigingi kwa jiwe nililolifunga kitambaa."

"Ulijua msingi wa ukuta una kina gani?"

"Niliuchimba mwenyewe."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mvua ilipozidi nilimwambia asianike nguo upande ule. Akaniuliza kwa nini." Akaivuta karibu picha ya mkewe. "Nikamwambia kuna matope. Akacheka. Akasema yeye matope hajaanza kuyaogopa leo."

Inspekta akamsomea haki zake neno kwa neno, akamwambia anamshikilia kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mpiga picha hakupinga. Aliomba tu ageuze picha ya mkewe iangalie ukuta kabla ya kutoka, naye akaruhusiwa.

Nje, habari ilikuwa imetangulia. Watu walijaa mbele ya mageti yote mawili, na mfamasia alikuwa mbele yao. Alipoona pingu zimo mikononi mwa mdogo wake, ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alimvamia.

"Ni wewe? Unamzika mkeo halafu unanibebesha mimi?"

Konstebo akamzuia kifuani. Mpiga picha hakujikinga wala kunyanyua uso.

"Nitemee mate, kaka," akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia katika miaka sita. "Nitemee, uridhike."

"Mate yangu yana kazi nyingine!"

Inspekta alimwingiza mtuhumiwa garini, akafunga mlango. Ndipo aliposikia anaitwa. Mama yao alikuwa amefika getini kwa miguu yake, mkono mmoja umeshika nguzo. Watu walimpisha.

"Mwanangu," akamwambia Inspekta. "Toa hilo daftari lako."

"Mama, rudi ndani," mfamasia akasema.

"Nyamaza. Andika, mwanangu. Nilimwona."

Konstebo akafunua ukurasa mpya.

"Alfajiri ile niliamka nikaketi dirishani. Nikamwona kitindamimba wangu amepiga magoti katika ua wa kaka yake. Miaka sita hajaukanyaga. Anagonga vigingi, anapima kwa jicho, anahama upande wa pili." Mama alizungumza bila haraka, akisubiri kalamu imfikie. "Nikasema, wamepatana. Amekuja kumsaidia kaka yake kazi na anaona haya kuonekana. Nikavuta pazia, nisimwaibishe."

"Kwa nini hukumwambia mtu?" Inspekta akauliza.

"Niliogopa kuwaharibia. Nilikaa na furaha ile wiki tatu, kila siku nikingoja waniambie wenyewe. Ukuta ulipoanguka ndipo nilipojua nilichokiona."

Konstebo alimaliza kuandika, akampa daftari. Mama akatia sahihi kwa herufi kubwakubwa, akarudisha kalamu, akalitazama gari.

"Huko mnakompeleka, anaweza kuletewa chakula?"

"Anaweza."

"Nani atampelekea?" mfamasia akauliza kwa ukali. "Mke hana. Wewe mwenyewe ngazi tatu zinakushinda."

"Wewe," mama akasema.

Mfamasia akageuka upande wa baraza lake, akageuka upande wa kifusi, akayatazama macho yote ya mtaa yaliyokuwa yakimsubiri. Akakunja mikono ya shati ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Kisha akamsogelea Inspekta.

"Wanaruhusu saa ngapi?" akauliza, kwa sauti ile ile ya kugomba.